Kozi Iliyoanzia Mahafalini

Nchi yenyewe sitaitaja kwa jina lake la kwenye pasipoti. Tuiite Shangwe, maana wenyeji wake hata ukiwauliza habari za asubuhi hupiga makofi kwanza ndipo wajibu. Ukiiona kwenye ramani ukadhani umeitambua, hayo ni mambo yako na ramani yako. Mimi sijasema kitu, na nikiitwa mahali kuulizwa nitajibu hivyohivyo.

Shangwe ina amani, ina wizara thelathini na moja, na ina kiwanda kimoja kinachotengeneza utepe wa kukatwa kwenye uzinduzi. Dawa haitengenezi. Dawa zote hutoka ng'ambo, na kila chupa huja na maelezo ya Kiingereza yaliyoandikwa kwa herufi za kukufanya ukunje uso. Serikali imekataa katakata kuyatafsiri, na sababu ilishatolewa bungeni: eti kuwatafsiria wananchi ni kuwadharau, kana kwamba hawawezi kusoma wenyewe. Siku hiyo wananchi walipigiwa makofi ya kusimama, kisha wakaendelea kutosoma.

Mwalimu Perpetua Mbawala alikuwa anafundisha Kiingereza katika sekondari ya Mtakuja, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, asiyependa mtu amzungushe. Mwaka ule wa mvua nyingi, zahanati ya Mtakuja ilipokea dawa mpya ya homa ya watoto. Nesi wa pale alikuwa binti mmoja aitwaye Stamili, mpole, aliyesomea uuguzi miezi tisa tu kisha akaachiwa kijiji kizima. Jirani yake alimletea mtoto ana homa, na Stamili akampimia kijiko kimoja kama alivyozoea dawa nyingine zote. Mtoto alikuwa na miezi kumi. Kufika jioni alikuwa ameshafariki.

Siku ya tatu ya matanga Stamili alimwendea Mwalimu Perpetua na lile boksi, amelifunga ndani ya kanga, akamwomba amsomee. Perpetua akavaa miwani. Mstari wa nne ulisema dawa hii ni kali, ichanganywe kwanza na maji safi mpaka kwenye alama ya chupa, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja apewe matone matano, asipewe kijiko. Alimsomea mara moja tu. Stamili hakulia. Aliuliza kama maneno hayo yalikuwepo pale tangu mwanzo, na Perpetua akamwambia ndiyo, yalikuwepo.

Basi hasira ikamwingia Mwalimu Perpetua, na haikuwa hasira ya kelele. Alilala nayo na kuamka nayo. Akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa Wizara ya Ufasaha na Uzinduzi. Aliomba wauguzi sitini kutoka zahanati sitini, wiki sita, na Kiingereza cha dawa basi: kipimo, umri, onyo, tarehe ya kuharibika. Vifaa vya kufundishia vingekuwa gunia moja la maboksi matupu ya dawa na vikaratasi vyake, ambalo angelikusanya mwenyewe.

Barua ilirudishwa mara tatu. Kwanza ilirudi kwa sababu haikuanza kwa kuwataja viongozi wote kwa vyeo vyao. Akawataja. Ikarudi kwa sababu amemtaja naibu kabla ya naibu mwenzake. Akawapanga upya. Ikarudi tena na maelezo kwamba ombi la ukurasa mmoja linaonyesha dharau kwa wasomaji, ambao wamesoma sana na wangependa kusomeshwa zaidi. Hapo Perpetua akauchapa ukurasa uleule mara kumi na tisa, akabana kwa pini, akatuma. Ikakubaliwa mara moja, na Wizara ikamsifu kwa utafiti wa kina.

*

Hapa lazima nieleze desturi moja ya Shangwe, mtu asije akadhani nazua. Kule jambo hupangwa kuanzia mwisho wake. Likitakiwa daraja, kwanza huamuliwa nani atakata utepe, atasimama wapi, jua litampiga upande gani, na keki iwe na umbo gani. Yakishapatikana hayo ndipo mtu mmoja huuliza mto uko wapi. Yapo madaraja manne yaliyozinduliwa nchi kavu, na watu huyapita vizuri tu, kwa pembeni. Wataalamu wao wanasema njia hii inaondoa wasiwasi, kwa kuwa mwisho mwema unakuwa umeshapatikana kabla kazi haijapata nafasi ya kuuharibu.

Kwa hiyo Kamati ya Taifa ya Kubuni Kozi ilipokutana, ajenda namba moja ilikuwa mahafali. Mwenyekiti alikuwa Bwana Mwinjuma, Katibu Mkuu wa Wizara, mtu mnene wa sauti laini ambaye hajawahi kumkatalia mtu jambo lolote. Yeye hukubali tu, hukubali na kukubali, mpaka jambo lenyewe linakufa mikononi mwako. Alimpokea Perpetua kwa heshima zote, akamwita dada yangu, akampa kiti cha karibu na mlango.

Siku mbili za kwanza zilikwisha kwenye rangi ya fulana. Siku ya tatu walibishana kama cheti kiwe na picha moja ya Mheshimiwa Waziri au mbili, moja akimtazama mhitimu na ya pili akiutazama mustakabali. Siku ya nne ilikuwa ya wimbo. Kila siku Perpetua alinyosha mkono akauliza swali lilelile: hawa wauguzi watafundishwa nini? Kila siku Bwana Mwinjuma alilishukuru swali hilo, akasema ni la msingi mno, akamwagiza katibu aliweke kwenye mengineyo. Siku ya tano mengineyo yalifikiwa, lakini kwa bahati mbaya na pilau nayo ilikuwa imefika.

Ratiba ikatoka. Wiki sita zina siku thelathini za kazi. Siku mbili zilikuwa za uzinduzi, na moja ya kupumzika uchovu wa uzinduzi. Nne za kupima fulana. Tisa za mazoezi ya wimbo na gwaride. Saba za mazoezi ya risala. Tatu za kukaa tayari endapo Mheshimiwa atapita ghafla. Zile nne zilizobaki ziliandikwa Lugha ya Kiingereza, na mbele yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu ya risasi: muda ukiruhusu.

Perpetua aliisoma ratiba ile akiwa amesimama ukumbini, akaisoma tena. Jamani, mtu anaweza kutukanwa kwa jedwali lililopigwa mistari vizuri hivyo? Akaikunja karatasi mara nne akaitia mkobani.

*

Kamati ya Kuchagua Vifaa ilikuwa ya watu walewale, ila walikuwa wamebadilisha beji. Mezani palipangwa vitabu ishirini na vitatu vya Kiingereza, na kando yake mzani ulioazimwa posta. Vigezo vilikuwa vitatu: uzito, mng'ao na dibaji. Uzito uliwekwa wa kwanza kwa sababu, kama alivyoeleza mjumbe mmoja msomi, kitabu chepesi hakiwezi kubeba hoja.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha familia moja ya Ulaya inayoshangaa theluji kuanzia sura ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Kilipata kura nyingi kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa na joto. Kingine kilifundisha namna ya kurudisha supu hotelini bila kumuudhi mhudumu, na mjumbe mmoja akatetea kwamba kinawafaa wauguzi, maana nao hushughulika na vitu vya moto. Cha tatu kilikuwa kimeliwa na mchwa nusu nzima, kikasifiwa kwa kutozunguka. Nilivyosikia mimi, hakuna kitabu kilichofunguliwa kupita ukurasa wenye picha ya kwanza, lakini si kwa ubaya. Wajumbe waliogopa kuvichafua.

Zamu ya Perpetua ilipofika aliliinua gunia lake, akalimwaga juu ya meza. Yakamwagika maboksi, vikaratasi na chupa tupu. Aliwaeleza kwa ufupi kwamba haya ndiyo maandishi ambayo muuguzi atayashika mkononi kila siku ya Mungu, mtoto akiwa analia mbele yake, na hakuna kitabu duniani kitakachomfaa zaidi ya haya. Mjumbe mmoja alitoa leso akajiziba pua. Bwana Mwinjuma alichukua kikaratasi kimoja, akakifunua, akakigeuza huku na huku, akauliza kwa upole dibaji imeandikwa na nani. Perpetua akajibu kwamba dawa haina dibaji. Katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba kifaa kilichopendekezwa hakina dibaji, hakina picha ya kiongozi, hakina maswali ya kujadili, na kimekunjwa.

Ndipo Bwana Mwinjuma akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha mahameli. Kilikuwa kitabu kiitwacho Sauti Yetu Ughaibuni, mkusanyiko wa hotuba zote za Kiingereza ambazo Mheshimiwa Waziri amewahi kuandikiwa na kuzisoma nje ya nchi, kurasa mia nne na kumi na mbili, jalada gumu, herufi za dhahabu. Alikiweka kwenye mzani, na mzani ukagonga chini. Wajumbe wote wakasimama, makofi yakarindima. Kila hotuba ilifuatwa na zoezi, na mazoezi yote yalikuwa na swali moja: Mheshimiwa amesema kweli, taja sababu nane.

Perpetua alikipekua papo hapo, haraka haraka, akitafuta maneno aliyoyajua. Kipimo hakuna. Maji hakuna. Sumu hakuna. Mtoto alimkuta mara moja tu, kwenye picha, anampa Mheshimiwa maua uwanja wa ndege. Akakifunga, akasimama, na safari hii hakunyosha mkono.

"Bwana Mwenyekiti, mimi nimekaa matangani na mama wa yule mtoto," alisema. "Mimi ndiye niliyemsomea Stamili mstari wa nne. Mkimpa yule binti hotuba za Waziri, kesho atamwua mwingine. Na huyo hatakuwa ameuawa na Stamili. Tutakuwa tumemwua sisi, tuliokaa hapa na beji vifuani."

Mtu mwingine angekasirika. Bwana Mwinjuma alikubali. Alisema hayo ni maneno mazito, ya mzazi, na yaandikwe yote bila kupunguzwa. Kisha akainuka, akamzungukia mpaka kitini, akainama karibu na sikio lake.

"Dada yangu, mtoto alikuwa mmoja," alisema taratibu. "Mahafali yana watu mia nane, na redio itakuwepo."

Perpetua aliokota maboksi yake moja moja akayarudisha guniani. Chupa mbili zilimponyoka na hakuna aliyeinama kumsaidia. Alitaka kuondoka aende zake nyumbani, awaachie kozi yao na fulana zao. Kilichomzuia ni hesabu ndogo tu: akiondoka yeye, ndani ya darasa wauguzi hawatakuwa na mtu hata mmoja anayejua kwa nini wameitwa.

*

Wauguzi sitini wakaja. Kila mmoja alipewa fulana ya rangi ya chungwa na Sauti Yetu Ughaibuni, kilo tatu na ushei, na wengine walikibeba kichwani kama ndoo. Uzinduzi ulifana, pumziko likafana, fulana zikapimwa. Wakaguzi walikuja kila siku, na kazi yao ilikuwa kuhakikisha kitabu kimefunguliwa juu ya kila dawati. Walipita, wakahesabu vitabu vilivyo wazi, wakaweka alama za vyema kwenye karatasi zao, wakaenda kunywa chai.

Sasa, kitabu chenye kurasa pana namna ile kina faida moja ambayo kamati haikuifikiria ilipokuwa inapima uzito. Kikaratasi cha dawa kinalala ndani yake chote, pembe kwa pembe, na mtu wa mlangoni haoni kitu. Perpetua alilifungua gunia lake siku ya kwanza ya mazoezi ya risala. Akafunga mlango, akawaambia wauguzi wazi kwamba risala wataisoma siku yenyewe, kwa sasa kuna kazi. Siku za risala zikawa za vipimo. Siku za wimbo zikawa za maonyo na umri. Alifundisha kwa pupa, bila utani, na aliyechelewa alimkoma.

Wiki ya tatu Stamili alinyosha mkono. Alikuwa amekaa nyuma muda wote huo, anaandika, haulizi kitu. Akasema, "Mwalimu, tulisome lile."

Perpetua alijua ni lipi. Alikuwa nalo mkobani na alikuwa hajaamua. Stamili akaja mbele, akalishika boksi, akasoma kwa kufuata na kidole, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne alisimama, akaomba maji, akanywa. Kisha akausoma mpaka mwisho, akaurudia, akaurudia mpaka darasa zima likausoma naye. Alipomaliza akawaeleza wenzake maana yake, na akawaeleza alichokifanya, jina la mtoto na jina la mama yake. Hakuna aliyemwambia pole. Walichukua kalamu, wakaandika. Perpetua akageukia ubao akaanza kuufuta, na ubao wenyewe haukuwa na kitu.

Wiki ya sita ilipokwisha, ungempa yeyote kati ya wale sitini boksi lolote na angekuambia ni dawa ya nani, kiasi gani, na nani asiiguse. Hotuba ya Mheshimiwa hakuna aliyeijua hata nusu. Risala ya mahafali ililetwa na Wizara ikiwa imeshaandikwa kwa Kiingereza, kurasa nne, na Stamili akateuliwa kuisoma kwa sababu sauti yake inatoka vizuri kwenye kipaza sauti.

*

Mahafali yakawa mahafali. Turubai, makochi ya meza kuu, maji ya chupa kwa waliokaa kwenye makochi na jua kwa waliobaki. Mheshimiwa Waziri alichelewa saa tatu na nusu, jambo lililoelezwa na mshereheshaji kuwa ni dalili ya uzito wa majukumu yake. Itifaki ilichukua saa nzima. Kila aliyetajwa alisimama akapunga, na walipofika katikati ikagundulika kuna mkurugenzi amerukwa, wakaanza upya. Perpetua alipangiwa kukaa nyuma kabisa, jirani na kreti za soda.

Kabla ya risala mshereheshaji akatangaza kwamba kuna jambo la kushtukiza. Nchi rafiki imewakumbuka watoto wa Shangwe, imeleta shehena ya dawa, na leo kila mhitimu ataondoka na boksi moja lenye chupa ishirini kwa ajili ya watoto wa kijijini kwake. La kwanza Mheshimiwa angelikabidhi kwa mkono wake kwa msoma risala. Boksi lilikuwa jeupe, kubwa, na mbele yake pamebandikwa bendera ya Shangwe juu ya picha fulani iliyokuwepo. Stamili alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kama walivyoelekezwa, wapiga picha wakapiga.

Alipoinuka macho yake yalitua ubavuni mwa boksi. Mtu aliyejua kusoma hawezi tena kuyaona maandishi akayaacha. Alisoma akiwa amesimama palepale, midomo inacheza, mpaka mshereheshaji akamhimiza kwamba muda wa Mheshimiwa ni mali. Stamili akaliweka boksi juu ya meza ya kipaza sauti. Akaikunja ile risala ya kurasa nne, akaikalisha chini ya boksi. Halafu akausoma ubavu wa boksi kwa Kiingereza, kwa sauti kubwa, pole pole, bila kugugumia.

Mimi nitawaambia kwa Kiswahili. Alisoma kwamba hii ni dawa ya minyoo. Alisoma kwamba ni ya mbuzi na kondoo, na wao pekee. Alisoma kwamba binadamu asipewe, wa umri wowote, na akinywa kwa bahati mbaya akimbizwe hospitali. Alipofika kwenye iwekwe mbali na watoto aliyasoma maneno hayo mara mbili, amemkazia Mheshimiwa macho.

Meza kuu ilisisimka. Bwana Mwinjuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama na kupiga makofi, na watu mia nane wakamfuata. Mheshimiwa alijipangusa jicho. Akaomba kipaza sauti, akaweka kando hotuba yake, akasema kwamba amezunguka mabara manne na hajapata kusikia Kiingereza chenye moyo namna hii. Alisema maneno ya binti huyu kuhusu watoto yamemchoma, kwa kuwa na yeye ni mzazi, na akaahidi mbele ya redio kwamba atayatekeleza yote neno kwa neno. Makofi yakaanza upya.

Wale wa fulana za rangi ya chungwa hawakupiga. Walipoitwa mmoja mmoja walikwenda, wakapokea cheti, wakapokea boksi, wakapiga goti, wakapigwa picha, wakarudi vitini. Shughuli ilipokwisha waliondoka na vyeti vyao. Maboksi yalibaki chini ya viti, sitini, yamenyooka safu kwa safu.

Perpetua aliwapenya watu mpaka kwa Bwana Mwinjuma, akamweleza kwa Kiswahili cha kueleweka na kila mtu kwamba dawa ile ni ya mbuzi, itaua watoto, na itolewe amri leo hii ikateketezwe. Bwana Mwinjuma alimsikiliza mpaka mwisho. Alikubali. Alisema ni hoja nzito na ataiweka kwenye mengineyo ya kikao kijacho. Kisha akamwuliza kama amepata soda.

*

Taarifa ya Wizara ilisema kozi imefana kwa asilimia tisini na tisa. Ile moja iliyopungua ilitokana na wahitimu kusahau zawadi zao kwa sababu ya furaha. Iliundwa kamati kuchunguza usahaulifu huo, ikakaa miezi miwili, ikabaini kwamba mwalimu hakuwafundisha shukrani. Mwalimu Perpetua akapandishwa cheo. Kule Shangwe mtu akitakiwa kuondolewa hupandishwa, na yeye alipandishwa kuwa Msimamizi wa Ghala Kuu la Majoho, chumba kisicho na dirisha alichopewa ahesabu majoho ya mahafali ya nchi nzima asubuhi na jioni.

Kozi ya pili ikaitishwa, wauguzi wengine sitini, zahanati nyingine sitini, na mwalimu mpya, kijana wa nidhamu aliyekifundisha kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Vikaratasi vya dawa vilipigwa marufuku darasani. Siku ya mahafali wahitimu wote waliikariri kwa pamoja hotuba ya ukurasa wa mia na kumi na mbili, na Redio Shangwe ikatangaza mafanikio ya asilimia mia: hakuna boksi hata moja lililosahaulika.

Perpetua alilisikia tangazo hilo katikati ya majoho. Alilitupa lililokuwa mkononi. Hakuandika barua, barua alikuwa ameshamaliza. Orodha ya wahitimu na zahanati zao ilikuwa imebandikwa mlangoni pa ghala, kwa ajili ya hesabu ya majoho, akaibandua. Akampigia simu Stamili. Waligawana, Stamili zahanati za upande wa mto, yeye za upande wa milimani, na wale wa kozi ya kwanza waliopatikana kwenye simu wakapewa za jirani zao.

Alifika zahanati ya kwanza siku ya pili yake asubuhi, miguu imejaa tope mpaka magotini. Nesi wa pale alikuwa kijana mchangamfu, fulana yake ya chungwa imepigwa pasi, cheti kimetundikwa ukutani kwenye fremu. Aliposikia mgeni ni mwalimu wa Kiingereza alifurahi kweli. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma, akaanza kuitoa hotuba ya ukurasa wa mia na kumi na mbili, bila kukosea hata neno.

Perpetua hakumsikiliza. Alikuwa anatazama rafu nyuma yake. Boksi lilikuwa limefunguliwa na chupa zimepangwa vizuri, bendera kwa mbele. Alizihesabu kwa kidole, kumi na saba. Akazihesabu tena. Akaomba daftari la wagonjwa, na kijana akampa bila kukatisha hotuba. Yalikuwepo majina matatu, yote ya jana, kwa mwandiko wa kupendeza: wa miaka minne, wa miaka miwili, wa miezi kumi na moja.

"Huyu wa miezi kumi na moja," alisema, na sauti yake ikamkatisha kijana katikati ya sentensi, "kwao ni wapi?"

Kijana alinyosha mkono kuonyesha njia ya kisimani, nyumba ya tatu, yenye bati jipya. Kisha kwa adabu aliyofundishwa akauliza kama matamshi yake yalikuwa sawa. Mwalimu Perpetua alikuwa ameshatoka mlangoni, anakimbia.